Gofu na Magofu: Nani Hucheza Katika Mji Mdogo?

Kituo cha metro cha Alma kipo Woluwe-Saint-Lambert, manispaa ya mashariki mwa Brussels ambayo wazungumzaji wa Kiholanzi huiita Sint-Lambrechts-Woluwe. Abiria anayeshuka hapo kwa mara ya kwanza huziona nguzo kabla hajatafuta mlango wa kutokea. Hazikupangwa kwa mstari, hazifanani, na umbo lake hukumbusha mashina ya miti iliyojiotea. Kituo kilifunguliwa mwaka 1982, na aliyekisanifu, Lucien Kroll (1927–2022), alikuwa ameshajenga makazi ya wanafunzi hatua chache kutoka hapo. Mtoto mwenye mpira angejua mara moja la kufanya na nguzo hizo: angeuviringisha mpira katikati yake na kuhesabu umegonga mara ngapi.

Wazo hilo la kitoto ndilo chimbuko la kazi moja ya ubunifu ambayo aghalabu haichukuliwi kwa uzito, nayo ni kubuni mashimo ya gofu ndogo yanayoiga majengo na miji ya kesho. Gofu ndogo ni mchezo wa kuusukuma mpira kwa fimbo fupi katika ujia mwembamba, ukipita vikwazo vilivyowekwa makusudi, hadi utumbukie shimoni. Zamani vikwazo hivyo vilikuwa kinu cha upepo, kidaraja au handaki. Siku hizi wasanifu majengo nao wameingia uwanjani: katika majira ya joto ya mwaka 2012 na 2013, National Building Museum, jumba la makumbusho ya ujenzi lililoko Washington, liliwapa wataalamu wa fani hiyo kazi ya kubuni mashimo ya namna hii. Ghorofa, reli ya juu na mji ambao haujajengwa vikageuka kuwa vitu vya kuzungushia mpira. Swali la kimaadili linazaliwa hapo. Je, ni halali kuufanya mji wa watu kuwa kikwazo cha mchezo? Na kama ni halali, ni kwa sharti gani?

Sarufi ya Kiswahili inalipanga swali hili vizuri. Kitenzi kucheza hakibebi lawama. Kikipata kauli ya kutendea kinakuwa kuchezea, na maana hugawanyika: mtu huweza kuchezea uwanjani, yaani mahali pa mchezo, lakini pia huweza kuchezea kitu, yaani kukifanyia mzaha hadi kiharibike, kama mtoto anayekanywa asichezee moto. Hatua moja zaidi huleta kuchezewa, na hapo kicheko hukoma, kwa kuwa aliyechezewa ametumiwa bila ridhaa yake. Mji mdogo wa gofu umesimama kwenye mpaka wa maneno hayo matatu. Mbunifu wake anacheza, na anachezea majengo. La kuuliza ni kama kuna watu wanaochezewa.

Jina la mchezo nalo halikuikuta lugha tupu. Kwa Waswahili gofu ni pia nyumba iliyobakiwa na kuta bila paa, na kila mwanafunzi wa historia amesikia magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Gede. Kufanana huku kwa sauti ni sadfa tu, wala hakuthibitishi jambo lolote. Hata hivyo, ni ukumbusho unaofaa kwamba kila anayechora mji wa kesho anachora, bila kujua, gofu la keshokutwa.

Historia ya mchezo wenyewe inaonyesha kwamba suala la nani anazuiwa na nani halikuletwa na wanafalsafa kutoka nje. Klabu ya wanawake ya St Andrews, Scotland, iliundwa mwaka 1867 kwa ajili ya kusukuma mpira kwa umbali mfupi, katika zama ambapo adabu haikumruhusu mwanamke kuinua fimbo juu ya bega mbele za watu. Uwanja mdogo ulitokana, kwa sehemu, na uwanja mkubwa uliofungwa. Kisha mwaka 1954 Paul Bongni, msanifu wa bustani kutoka Geneva, alifungua huko Ascona, Uswisi, uwanja wenye njia za zege za vipimo maalumu. Katika mtindo huo wa zege, njia ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 1.25, iwe imejengwa Uswisi au kwingineko. Usawa huo uliwezesha mashindano ya haki, maana mchezaji wa mji mmoja aliweza kulinganishwa na wa mji mwingine. Lakini gharama yake ilikuwa kwamba ujia haukujua tena umejengwa wapi.

Kinachofanya kikwazo cha mchezo kiwe halali kilielezwa vizuri na mwanafalsafa Bernard Suits katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978. Kwa maoni yake, kiini cha mchezo ni hiari: mchezaji huikubali njia ngumu ilhali nyepesi ipo, kwa kuwa bila ugumu huo hakuna mchezo. Yeyote anaweza kuinama, akaushika mpira kwa mkono na kuuweka shimoni. Hafanyi hivyo kwa sababu amekubali kutofanya. Wahenga walikwisha kulisema hili kwa mkato: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Anayelalamikia kinu cha upepo kilichomrudishia mpira wake anachekwa, na anacheka mwenyewe, kwa sababu alilipa kiingilio ili azuiwe.

Mji haufanyi hivyo. Mkazi wake hakulipa kiingilio ili azuiwe. Na hapa ndipo Brussels inapokuwa mahali pagumu pa kuzungumzia gofu kana kwamba ni mchezo tu. Katika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, wapangaji miji wa Kibelgiji waliacha ukanda kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, na ndani ya ukanda huo zikawekwa bustani ya wanyama, bustani ya mimea na uwanja wa gofu. Huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mji wa wasemaji wa Kiswahili, ukanda wa aina hiyo ulikuwa na upana wa takriban mita 700 kati ya kitovu cha mji na mtaa unaoitwa leo Kamalondo. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: ilidaiwa kwamba mbu asingeweza kuruka umbali huo. Kibarua aliuvuka ukanda asubuhi kwenda kazini na akauvuka tena jioni, maana usiku hakutakiwa kuonekana upande wa pili.

Kwa hiyo nyasi zilezile za Kinshasa zilikuwa vitu viwili. Kwa mwenye fimbo zilikuwa mchezo, kwa sababu alizichagua. Kwa mpita njia zilikuwa kikwazo alichowekewa na mtu asiyemjua, kwa sababu asizoulizwa. Nairobi ina kisa kinachokaribiana na hicho: Royal Nairobi Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1906, hadi leo inapakana na Kibera, na anayetazama picha iliyopigwa kutoka angani huona kijani kitupu upande mmoja na mabati yaliyobanana upande wa pili. Gofu, kabla haijawa mfano mdogo wa mji, ilikwisha kuwa chombo cha kuupanga mji mkubwa. Mbunifu wa leo hawezi kuanza kana kwamba ubao ni safi.

Jambo la pili linalomkabili ni jicho lake mwenyewe. Anayetengeneza mji mdogo hugeuka jitu. Anaziona paa zote kwa mara moja, anahamisha mtaa kwa vidole viwili, na hakuna anayemjibu. Msanii wa Kiholanzi Constant Nieuwenhuys, aliyeanza mradi wake wa New Babylon katika miaka ya 1950 na kuuendeleza hadi mwaka 1974, alibuni mji wa kesho kwa ajili ya binadamu anayecheza, ambaye kazi zote zimechukuliwa na mashine naye anazurura akiyabadilisha makazi yake apendavyo. Ni ndoto ya ukarimu mkubwa. Hata hivyo, mtazamaji anayesimama mbele ya vielelezo vyake vya chuma na plastiki huuona uhuru huo kutoka juu. Mji wa wachezaji ulionyeshwa kwa mtu asiyeweza kuingia ndani yake kucheza.

Afrika Mashariki inalijua jicho hilo. Ujenzi wa Konza, mji wa teknolojia uliopangwa kusini mashariki mwa Nairobi kwenye ekari 5,000, ulizinduliwa rasmi mwaka 2013, na Wakenya waliuona kwanza kama picha ya minara inayong'aa juu ya nyika. Nchini Tanzania, mwaka 2008, ulitangazwa mpango wa mji mpya Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Wakazi wakazuiwa kuendeleza na kuuza viwanja vyao huku wakisubiri fidia. Miaka ikapita, na hatimaye mpango ukaachwa bila mji huo kujengwa. Nyumba iliyokatazwa kumaliziwa ina jina katika Kiswahili, nalo ni gofu. Mji wa kesho ulikwisha kuzaa magofu kabla haujazaa mtaa hata mmoja, na mwenye kuchezewa hapo hakuwa mpira.

Kuna hatua mbaya kuliko hiyo, nayo ilipigwa jirani kabisa na Woluwe-Saint-Lambert. Barabara pana ya Tervueren, ikatayo manispaa jirani ya Woluwe-Saint-Pierre, ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Wakongo 267 waliletwa na kuwekwa katika vijiji vya maonyesho huko Tervuren ili watazamwe. Saba kati yao walifia huko na wakazikwa huko. Katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1958, Brussels ilijenga tena kijiji cha Wakongo, na baadhi ya walioletwa waliondoka kabla ya wakati kwa kuchoshwa na fedheha. Leo, mahali palepale pa maonyesho ya 1958, chini ya Atomium, ipo bustani ya Mini-Europe, iliyofunguliwa mwaka 1989, yenye majumba mashuhuri ya Ulaya kwa kipimo cha 1 kwa 25. Tofauti kati ya mifano hiyo inafundisha. Jumba lililopunguzwa halidhuriki. Mtu akipunguzwa hadi awe kitu cha kutazamwa, hilo ni kosa hata kama kijiji chake kimejengwa kwa ustadi.

Basi je, mbunifu aweke fimbo chini? Jibu la Woluwe-Saint-Lambert linaweza kutolewa na majengo yaliyo juu ya kituo cha Alma. Baada ya mzozo wa lugha wa mwaka 1968 kukigawa Chuo Kikuu cha Leuven, kitivo cha tiba cha wazungumzaji wa Kifaransa kilihamishiwa hapa. Wanafunzi hawakuridhishwa na mpango wa makazi waliyochorewa, wakamtaka Kroll, na chuo kikakubali. Naye hakuwaletea mchoro uliokamilika. Aligawa watu katika vikundi, wakakaa juu ya vielelezo vyepesi walivyoweza kuvikata na kuvipachika upya, wakabishana. Kutoka kwa Mholanzi John Habraken alichukua wazo la kutenganisha mhimili wa jengo na yale ambayo mkazi anaweza kuyabadilisha mwenyewe, lakini akazitawanya nguzo bila mpangilio wa kulingana, kwa hoja kwamba nguzo za umbali mmoja huzaa vyumba vya namna moja na watu wa namna moja. Madirisha yakatofautiana, kuta za ndani zikahamishika. Jengo hilo, linaloitwa La Mémé, likawa mashuhuri duniani, likitazamana na hospitali kubwa ya Saint-Luc yenye mistari iliyonyooka.

Kiswahili kinalo neno moja kwa watu wawili ambao kwa kawaida hawakutani: mpangaji ni anayeupanga mji, na mpangaji ni anayelipa kodi ya chumba. Katika miji mingi wawili hao wana maslahi yanayopingana, na wa pili humjua wa kwanza kwa jina la ofisi tu. Kwa kipindi kifupi cha miaka ya 1970, hapo Woluwe, neno lilirudi kuwa moja. Ni kweli kwamba kipindi hicho hakikudumu. Uhusiano wa Kroll na wakuu wa chuo ulivunjika, na mpango wake haukukamilika wote kama alivyokusudia. Ni kweli pia kwamba mwanafunzi hukaa miaka michache akaondoka, hivyo aliyeulizwa mwaka 1970 siye anayelala humo leo. Lakini pingamizi hilo la pili linaimarisha hoja badala ya kuidhoofisha: ikiwa wakazi hubadilika, basi kuwauliza mara moja hakutoshi, na jengo lenyewe linapaswa kubaki na uwezo wa kuulizwa tena.

Kutokana na hayo, sharti la uhalali linaanza kuonekana. Shimo la gofu lililochukua mji wa watu ni halali pale linapomshusha mbunifu, na mchezaji pamoja naye, kutoka kwenye jicho la jitu hadi usawa wa mpira, na pale ambapo wenye mji huo wana kauli juu ya kikwazo kinachobeba jina lao. Mpira ni mpita njia. Hauoni paa, unaona ukuta, mteremko, na mlango uliofungwa.

Mifano inawezekana. Shimo la Alma lingekuwa na nguzo zisizokazwa, na kila kundi la wachezaji, kabla ya kuondoka, lingehamisha nguzo moja, hivi kwamba hakuna siku ambayo ujia ungefanana na wa jana. Shimo la Kigamboni lingekuwa na maji katikati na njia mbili. Moja ni daraja fupi, mfano wa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo kulivuka hugharimu pigo moja la ziada kama tozo. Nyingine ni kivuko kinachokwenda polepole, kisichogharimu pigo bali subira. Mchezaji angejifunza kwa mkono wake kwamba umbali katika mji hupimwa pia kwa mfuko.

Shimo la Lubumbashi lingekuwa gumu kuliko yote, na halingekuwa na kikwazo hata kimoja cha kuonekana. Lingekuwa zulia tupu la kijani la mita 12. Wachezaji wawili wangevuta kura. Mmoja angecheza apendavyo, na mwingine angetakiwa kuomba ruhusa kabla ya kila pigo na kurudi alikoanzia kengele inapolia. Kikwazo kingekuwa kwenye kanuni, kama kilivyokuwa huko.

Pingamizi zito linakuja hapa. Je, huku si kuyachezea mateso, kwa maana ile mbaya ya kitenzi? Mtoto wa Brussels atacheka kengele ikilia, kisha ataenda kula aiskrimu. Pingamizi hili haliwezi kujibiwa kwa kusema kwamba nia ni njema, maana nia ya waandaaji wa maonyesho ya 1958 nayo ilitangazwa kuwa njema. Linajibiwa, kama linajibika, kwa kutazama nani aliamua. Mjukuu wa aliyeuvuka ukanda ule, ambaye leo huenda ni daktari au muuguzi katika jiji hilihili, anaweza kuamua kwamba kisa cha babu yake kisimuliwe kwa zulia na kengele. Anaweza pia kukataa. Akikataa, shimo hilo lisijengwe, hata kama mchoro wake ni mzuri kuliko yote. Hiari ambayo Suits aliiona kwa mchezaji haina budi kumfikia pia yule ambaye maisha yake yametumika kuutengeneza mchezo.

Huenda ikasemwa kwamba huu ni mzigo mkubwa mno kwa burudani ya nusu saa. Lakini burudani ndipo watu wanapozoea vipimo bila kujua kwamba wanazoea. Aliyecheza utotoni katika mji ambao vikwazo vyake vinaweza kuhamishwa na waliomo atakuwa na swali la kuuliza siku atakapoonyeshwa picha ya minara inayong'aa juu ya shamba la bibi yake.

Bao la Kiswahili limelijua hilo muda mrefu. Kati ya mashimo 32 ya ubao, kila mchezaji ana shimo moja linaloitwa nyumba, linaloanza na kete sita na kuwa na heshima yake katika kanuni. Kuivunja nyumba ni uamuzi mzito, na unafanywa mbele ya watu, kwa kuwa bao huchezwa barazani, ambako watazamaji wanaujua mchezo kama wachezaji wanavyoujua, na hawanyamazi. Mbunifu wa Woluwe-Saint-Lambert akitaka kujenga mji wake mdogo, na aanze kwa kuweka baraza pembeni yake, kisha asubiri wasemaji waketi kabla ya kumwaga zege.